Pamba Ndani ya Pampu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, gereji yetu hapa Shinyanga ilijaa watu waliokuja kumtazama kaka yangu Masanja akifukuzwa kazi. Mimi nilikuwa msichana wa kuosha vipuri, nanuka petroli mpaka kanisani. Masanja ndiye aliyekuwa fundi wa pampu, nami nilijifunza kwake.

Gari lililomponza lilikuwa la mbio, mali ya tajiri mwenye gereji. Halikuwa na kabureta. Lilikuwa na pampu iliyosukuma petroli kwenye kila silinda kwa kipimo chake, na petroli ikipungua, injini inachemka hadi pistoni inatoboka. Masanja aliisuka pampu ile upya, akaipima, kisha akaifunga skrubu ya kipimo kwa waya na kidonge cha madini ya risasi chenye alama yake, ili ijulikane kama kuna aliyeigusa. Siku ya mbio, mtoto wa tajiri akiwa kwenye usukani, pistoni ikatoboka huko Kishapu.

"Umebana petroli mno," tajiri akasema.

"Mzee, tufungue tuone," Masanja akamwomba.

"Nifungue nini? Sina muda wa kupoteza na wewe."

Kisha akaagiza chai, akaketi, akainywa yote. Kufungua kiungo cha bomba la petroli ni kazi fupi kuliko chai ile.

Masanja hakupata tena kazi ya ufundi mjini, jina lilishachafuka. Akaenda Geita kuchimba dhahabu, mtu aliyeweza kusikiliza injini akakwambia silinda ipi ina njaa. Shimo likamfukia.

Juzijuzi, hawa wanaofufua magari ya zamani kwa ajili ya mashindano wamelitoa gari lile kwenye banda huko Songwa, lilikolala na kuku tangu siku ile bila kuguswa na fundi. Pampu wakaniletea mimi, maana nani mwingine amebaki anayezijua? Risasi ya Masanja ilikuwa palepale, nzima. Nilipofungua mdomo wa kuingizia petroli, nikakuta donge la pamba limeziba njia. Madereva wa huku, chujio likipasuka, husokomeza pamba ili waendelee na safari. Na siku ile gari halikuendeshwa na mwingine ila mtoto wa tajiri.

Nikaitoa, nikaiosha pampu bila kugusa skrubu, nikaifunga kwenye mashine ya kupimia. Mafuta yakajaa kwenye bilauri za kioo, zote usawa mmoja, kwa kipimo kilekile kinachotakiwa. Nilikaa chini nikalia kama msiba ni wa leo.

Donge lile nikampelekea mama. Macho yake hayaoni tena vizuri, alilipapasa tu kwa vidole.

"Ng'wana wane, mwanangu," akaniuliza, "kwa nini hawakufungua siku ile?"

Tajiri alishakufa, na mwanawe nilipomwendea alisema mambo ya zamani tuyaache.

Mimi siyaachi. Kwa hiyo nakwambia wewe unayejifunza kazi hii: gari likirudi limekufa, usimtaje mtu kabla hujashika spana. Fungua, tazama, ndipo useme. Na siku ukiwa mkubwa wa gereji, anayekuomba mfungue pamoja, mfungulie, hata kama humpendi.

Mungu akujalie mikono mitulivu, mwanangu, na akuepushe kumpelekea mama yako zawadi kama ile niliyompelekea wangu.