Mtetezi wa Uhuru Asiye na Jina

"Nani ameandika huu upuuzi?" aliuliza dada Mercy, kiongozi wa maombi katika chumba chetu cha Al Mankhool, Dubai. Nikakoroga chai yangu.

Chuoni nilisoma vijitabu vya Waingereza wa kale, waliompinga mfalme na kudai uhuru wa dini huku wakificha majina. Nami, kwa ujuaji wangu, nikabandika jikoni karatasi isemayo mtu asilazimishwe kuomba.

"Ni wewe, Hajara! Muislamu humu ni wewe tu. Kesho uhame, khalas!"

Hajara aliinamisha kichwa. Mimi mtetezi nikaendelea kukoroga chai.

Mercy akaing'oa karatasi, ikageuka. Nyuma kulikuwa na ratiba yangu ya zamu hotelini, na jina langu kwa herufi kubwa.

Baadaye sana nilijua kwamba Hajara alikuwa ameshaisoma pande zote mbili tangu asubuhi.