Nilikuwa katibu wa Wana wa Ufuo, chama cha makopo ya udongo pale Nyamasaria

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani, walioamka na wanaojifanya wameamka. Mimi ni mzee. Naandika kwa kidole kimoja na miwani imepasuka upande, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe. Ukweli sitaupunguza wala kuuongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu.

Juzi humu vijana walikuwa wanabishana kuhusu vyama vya mrengo mkali wa kulia. Mmoja akasema hayo ni mambo ya Wazungu, eti mambo ya damu safi, uniform na saluti sisi Waafrika hatukuwahi kuwa nayo.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi niliwahi kuwa katibu wa chama kama hicho, hapa hapa Kisumu, miaka michache tu baada ya uhuru.

Kwanza mjue kazi yangu. Nilikuwa mwandishi wa barua. Nilikaa nje ya posta na meza, kiti cha mteja, kalamu ya wino na mwavuli mweusi. Asiyejua kusoma alikuja, akasema, nikaandika. Majibu yalipokuja kwa sanduku langu nikamsomea. Nyinyi wa WhatsApp hamwezi kuelewa, lakini wakati huo siri za nusu ya mji zilipita mikononi mwangu.

Kila mwandishi alikuwa na daftari. Langu lilikuwa na jina la mteja, anakoishi hapa mjini, anwani ya kwao, na nani kule nyumbani humsomea mzazi barua. Mteja hakuhitaji kukumbuka chochote. Alisema tu, "Kwa mama," nami nikajua ni kijiji gani.

Sasa chama.

Mwenyekiti alikuwa sajini mstaafu wa jeshi la mkoloni. Alipigana vita vya mbali na akarudi na mawazo yake. Msidhani alikuwa mtu wa kufoka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa msafi, mpole, anakusikiliza mpaka mwisho, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Alikuja kwa meza yangu nimwandikie katiba ya chama. Wana wa Ufuo. Wanachama hawakufika hata thelathini. Serikali ilikataa kuwasajili, wakasema hawahitaji karatasi ya mtu.

Imani yao ilikuwa fupi. Mtu ni wa pale kondo lake la nyuma lilipozikwa alipozaliwa. Wajaluo wenzangu mnajua, hilo ni jambo la kwetu la kawaida kabisa. Kondo huzikwa nyumbani, na mtu akitaka kujua kwenu atauliza limezikwa wapi. Hakuna ubaya hapo.

Mwenyekiti alichukua jambo hilo la akina mama na kulifanya sheria. Ambaye kondo lake halikuzikwa kwenye ufuo huu wa ziwa, yeye ni jadak, mkaazi wa ardhi ya wengine. Asiwe na duka, asiseme mkutanoni, na siku moja aondoke. Wahindi, watu wa milima ya magharibi, watu wa bara ya kati, wote. Uchaguzi aliuita mchezo wa watoto. Alitaka kiongozi mmoja na watu wa aina moja.

Walivaa shati la kaki. Saluti yao ilikuwa kuweka kiganja cha kulia juu ya kitovu na kunyamaza.

Mtaniuliza, wewe uliingiaje? Nitasema bila aibu, au tuseme aibu ninayo lakini nitasema. Nilipenda kuitwa Katibu. Mtu wa miaka ishirini na minne, amezoea kuitwa "wewe wa barua", ghafla watu wazima wanasimama akiingia. Kichwa kilivimba.

Mikutano ilikuwa mchana, saa nane, kwenye ghala la pamba lililoachwa pale Nyamasaria. Kila mwanachama alitakiwa kuleta udongo wa mahali kondo lake lilipozikwa, ndani ya kopo la kakao, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Makopo yalipangwa kwenye rafu ndefu ukutani.

Kabla ya kusema neno lolote tulisimama tukiyatazama. Hakuna wimbo, hakuna sala. Mnasikia tu mabati yakilia kwa joto juu, na wanaume wanapumua. Jua lilikuwa la kuchoma huko nje, na bado nywele za mikono zilinisimama. Kuna siku nilihisi kabisa kwamba makopo ndiyo yanatutazama sisi.

Zamu yangu ya kuleta kopo ikafika. Nikaenda kwa mama yangu, Luanda Kotieno.

Nikamkuta anageuza omena juani. Nikamwambia nataka udongo wa mahali kondo langu lilipozikwa. Akaendelea kugeuza samaki.

"Nani anauliza?" akasema.

"Ni mambo ya chama, Mama."

"Haliko hapa, wuoda, mwanangu. Baba yako alikuwa anakata mkonge kwa Mzungu, huko bara, upande wa Thika. Nilikuzalia kwenye kambi. Mama mmoja Mkikuyu ndiye alikata kitovu chako, na ndiye alizika kondo, nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Hata jina lake nilisahau. Mikono yake sikusahau."

Wakuu, pimeni wenyewe. Kwa sheria niliyoandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, mimi nilikuwa jadak.

Mama akaniangalia usoni. "Hicho chama ni cha kazi gani, kinachotaka vitu vya wazazi?"

Nilichota udongo nyuma ya jiko lake, nikajaza kopo, nikarudi Kisumu.

Mwenyekiti alilipokea kopo langu mbele ya watu. Akafungua. Akanusa. Halafu akachovya kidole, akaonja, akakaa nao mdomoni muda mrefu. Hakuwahi kufanya hivyo kwa mtu mwingine.

"Udongo mzuri, Katibu," akasema. "Siku moja tutaenda wote utuonyeshe mahali penyewe."

Akaliweka kwenye rafu. Watu walipotawanyika akanishika bega.

"Nasikia kazi yako ina daftari."

Hapo ningeweza kusema hapana. Nimejiuliza miaka yote, ingenigharimu nini? Lakini nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hana mahesabu. Nikampa kwa wiki moja.

Lilirudi safi, limefunikwa kwa gazeti. Kando ya majina kadhaa kulikuwa na nukta ndogo za penseli.

Baada ya hapo alama zikaanza. Asubuhi mtu anafungua mlango anakuta mduara wa chokaa, na nukta katikati, kitovu. Hakuna maneno. Siku chache baadaye wanakuja wanaume watatu wenye kaki. Wanasimama ng'ambo ya barabara saa tatu asubuhi, kiganja juu ya kitovu, wanatazama mlango. Saa nne wanaondoka. Kesho wanarudi.

Hawakugusa mtu. Hawakutukana. Watu walikwenda kushtaki kwa polisi wakaambiwa kusimama si kosa.

Fundi cherehani mmoja Mhindi alivumilia siku tisa, akafunga. Seremala mmoja Mmaragoli alihama na mlango wake. Aliung'oa, akaupakia kwenye mkokoteni na mduara wake wa chokaa. Majirani walikuwa wanapita wakitazama chini. Hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote, jinsi mji mzima ulivyojifunza kutazama chini ndani ya mwezi mmoja.

Kati ya majina yenye nukta kulikuwa na Nyambura. Alikuwa na kibanda cha uji pale njia panda ya Mamboleo, kila mtu alimwita Mama Uji. Hakuwa na mume wala mtoto. Alitoka upande wa Karatina, na kila mwisho wa mwezi alikuja kwangu tumwandikie mama yake. Alikuwa mcheshi, ananitania kwamba mwandiko wangu ni mzuri kuliko sura.

Mwenyekiti alinipanga mimi na wengine wawili kusimama kwa Mama Uji. Nadhani alijua anachofanya.

Nilisimama. Siku ya kwanza alituona, akaendelea kukoroga. Siku ya pili alifuta alama, kesho yake ikarudi. Siku ya tatu akavuka barabara na kikombe cha uji, akaja moja kwa moja kwangu.

"Bwana Odera, umesimama sana. Kunywa."

Kwetu na kwao, mtu akisimama mlangoni pako unampa kitu. Kiganja changu kilikuwa kwenye kitovu na Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye baiskeli yake pale kona. Sikupokea. Alisubiri mpaka uji ukafanya ngozi juu, kisha akaumwaga taratibu kando ya barabara na kurudi kwake.

Kesho yake alikuja kwa meza yangu pale posta. Akaketi kwenye kiti cha mteja kama kawaida.

"Andika. Mama, nakuja nyumbani. Nimechoka na Kisumu. Nitapanda treni ya Ijumaa."

Nilishika kalamu. Nikamuuliza, "Mama Uji, kwa nini umekuja kwangu? Si uliniona?"

"Nilikuona. Lakini anwani ya mama siijui kwa kichwa. Iko kwa daftari yako."

Nikaandika. Sikumwomba msamaha. Ijumaa sikwenda stesheni. Jumatatu kibanda kilikuwa wazi, sufuria imepinduliwa, na nikashukuru Mungu kwamba sitasimama tena pale. Ndiyo, nilishukuru. Nawaambia jinsi ilivyokuwa.

Mwezi mmoja na nusu baadaye barua ikaja kwa sanduku langu. Mama yake alikuwa ameiandikisha kwa mwalimu wa kijijini. Alikuwa anauliza: Nyambura, ulisema unakuja. Nimekwenda stesheni Ijumaa nne. Uko wapi?

Nilikimbilia Mamboleo. Hakuna aliyejua. Nilikwenda stesheni, nikauliza kila mtu mwenye kofia. Kuna aliyesema alimwona akipanda. Mwingine alisema alimwona akisimama mwisho wa jukwaa na mzigo wake, treni ikaondoka, yeye akabaki pale, na wanaume watatu wenye kaki wakiwa ng'ambo ya reli. Mimi sikuwa kwenye zamu hiyo. Nilimuuliza Mwenyekiti. Akaweka kiganja juu ya kitovu, akanitazama kwa upole, basi.

Siku hiyo nilivua shati. Polisi waliandika taarifa yangu kwa mistari mitatu.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia hata marehemu mke wangu. Nilimjibu yule mama. Nikaandika kama Nyambura. Kwamba nimebadilisha mawazo, nimepata kazi nzuri, niko salama, mvua inanyesha huku, kwenu je?

Akajibu kwa furaha. Nikajibu tena.

Wakuu, niliendelea miaka saba.

Chama chenyewe kilikufa bila kelele. Mwenyekiti aliugua, wanachama wakaanza kuona haya, mashati yakawa ya kulimia. Leo ukiuliza wazee wa Kisumu, hakuna aliyekuwa mwanachama, hata mmoja! Nilipita Nyamasaria kabla ghala halijabomolewa. Makopo yote yalikuwa yamechukuliwa na wenyewe, rafu tupu, isipokuwa langu. Kifuniko kilikuwa wazi na udongo haukuwemo. Sikuligusa.

Barua ya mwisho kutoka Karatina ilikuja wakati wa miaka ya sabini. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu yule yule. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini. Naikumbuka neno kwa neno:

"Wewe unayeandika, sikujui. Katika barua ya pili ulimsalimu baba. Baba yake Nyambura alikufa yeye akiwa msichana, naye mwenyewe alimwaga udongo kaburini kwa mkono wake. Nimejua tangu siku hiyo. Nilikubali kwa sababu mtu anayejua anwani yangu lazima alikaa karibu na mwanangu. Sasa naumwa. Niambie tu alipo."

Mnajua barua zetu waandishi zilivyoanza. Salamu kwa baba, salamu kwa mama, na wote wa nyumbani. Mkono unaandika wenyewe. Miaka yote ambayo Nyambura aliketi mbele yangu, alinizuia kwenye mstari huo huo, "Baba muache," na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nilitafuta karatasi, nikaandika jina la mama yake juu, na sikupata neno la pili. Wiki tatu baadaye mwalimu aliandika kwamba mama amezikwa.

Funzo langu ni dogo. Hawa watu hawaji wakipiga kelele. Wanakuja na adabu, wanachukua kitu chenu kizuri cha nyumbani, wanakigeuza kipimo, kisha wanaomba msaada mdogo tu kutoka kwa mtu anayejua majina. Ukiombwa majina, kataa. Hata kama unaogopa. Mimi niliogopa udongo wa kopo.

Mengine semeni nyinyi, nitukaneni pia, nitasoma yote polepole. Na kama humu kuna mtu wa upande wa Karatina, ambaye bibi yake alikuwa na binti aliyeuza uji Kisumu na hakurudi, naomba aniandikie. Sina habari ya kumpa. Nataka kumwambia kwamba zile barua ni zangu, na kwamba Nyambura yuko wapi mimi sijui mpaka leo.