Korongo wa Sikio la Pili

Saa tatu asubuhi, jua la Catacaos limeshaanza kuunguza. Mteja anaweka mezani ndege wa shaba aliyevunjika na kutoa salamu. Domitila Yarlequé haitikii. Kwanza anamgeuza ndege na kutafuta lehemu chini ya bawa. Anaiona, anashusha pumzi.

"Karibu, mama. Usinione sina adabu."

Zamani hakuwa hivi. Sonara huyu amezeeka akifua hereni zenye umbo la ndege, za shaba iliyopakwa dhahabu, nakala za zile walizozikwa nazo watu wa kale wa kaskazini mwa Peru. Mafundi wa leo huunga kwa lehemu. Wa kale walitoboa shaba, wakapitisha vikucha vyembamba vya shaba hiyo hiyo na kuvikunja kwa ndani.

Februari, mdogo wake Eusebio, mlinzi wa makaburi ya kale nje ya mji, alimletea hereni ya korongo aliyevunjika mdomo.

"Kazi yako hii, dada. Mtalii kaikanyaga."

Domitila akamtia motoni bila kumkagua. Nani anamkagua mdogo wake? Akangoja lehemu ilegee. Wapi! Dhahabu ya juu ikageuka nyeusi. Alipomtoa kwa koleo na kumgeuza, akaona vikucha vimekunjwa.

"Nilipoa mwili mzima, na moto uko mbele yangu," anasema. "Nilikuwa nachoma kitu cha marehemu."

Akamuuliza mdogo wake alikomtoa.

"Mvua imebomoa ukuta, dada. Alikuwa anachungulia. Ningemwacha aibiwe?"

"Na mwenzake?"

Eusebio akageukia mlango. Hereni hizo huzikwa mbili, ya kulia na ya kushoto, na mlinzi wa makaburi analijua hilo vizuri.

"Nakuuliza wewe, mwenzake yuko wapi?"

"Ameshaenda, dada."

Chicha, pombe ya mahindi aliyommiminia mdogo wake, ilibaki kwenye kibuyu. Domitila akamfunga korongo kwenye shali yake, akampeleka makumbusho siku hiyo hiyo, na jina la mdogo wake akalitaja. Eusebio amefukuzwa kazi, kesi inaendelea. Mama yao hajamsemesha Domitila tangu hapo.

"Inaniuma. Tumekula sahani moja mimi na yule."

Sasa amemchora korongo wa pili kwa makaa kwenye ukuta wa kila sonara wa mtaa huo. Wengine humtania kwamba anamtafutia korongo mchumba. Yeye anangoja.

"Mdomo ule ni mwembamba, haustahimili kushikwashikwa," anasema, akiwasha moto. "Huko aliko utavunjika. Na aliyenaye atamleta kwa fundi."