Soksi za Fedha

Mkemia huyu alikuwa na kipaji cha kudharau watu bila kuwatukana. Alikukazia macho kupitia miwani yake, akasema "Ehee," nawe ukajiona umeropoka. Na tangu alipokubali kufanya kazi kwa shemeji yake, hiyo "Ehee" ilikuwa haimkauki mdomoni.

Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa ameuza bima, kisha viwanja, kisha kozi za kufundisha watu kuuza bima na viwanja. Siku moja alihudhuria semina hotelini akarudi amepagawa na nano. Nano ni kitu kidogo mno. Ukipasua unywele mmoja mara maelfu, bado hujafika. Hicho ndicho alichokielewa, na hapo ndipo alipokomea.

"Shemeji," alimwambia mkemia, "wewe una digrii, mimi nina mdomo. Tunakosa nini?"

Mama mkwe akaja mwenyewe kutia nguvu, akakaa sebuleni, mkoba mapajani. "Mwanangu ana akili za mbali. Simama naye, mama." Mkemia alikuwa mwalimu wa sekondari, amechoshwa na kusahihisha majaribio yasiyosomeka. Neno maabara likamlainisha. Akaacha ualimu.

Maabara ilikuwa vyumba viwili juu ya saluni, vinanuka dawa ya nywele asubuhi hadi jioni. Humo alichemsha na kukoroga mpaka maji yakageuka njano, maana yake chembe za madini ya fedha zimeshaumbika ndani. Chembe hizo huua vijidudu, na mpango ulikuwa kuzipaka kwenye vichujio vya maji ya kunywa. Vichujio vilifanya kazi, hilo halina ubishi. Ila kwa bei ya kimoja, mtu angechemsha maji yake mwaka mzima na bado akabakiwa na chenji.

Mkemia alilisema hilo wazi. Shemeji akamtazama kwa huruma. "Wewe unaangalia kichujio. Mimi naangalia soko la dunia."

"Ehee."

Wawekezaji walipoahidi kuja, shemeji aliona maji ya njano hayana mvuto. Akanunua rangi za keki, akajaza chupa za bluu, nyekundu na zambarau, akazipanga dirishani mwanga uzipige. Mkemia akaambiwa avae koti jeupe, akoroge chochote, asizungumze sana.

Walikuja wawili. Wa kwanza, bwana mwenye tai, aliinamia darubini. Ilikuwa darubini ya wanafunzi, isingeona nano hata kwa kubembelezwa.

"Naziona!" akapiga kelele. "Zinacheza!"

Umeona kope zako, mkemia akasema moyoni.

Shemeji naye akapanda jukwaa lisilokuwepo. Rangi za nyumba zisizochafuka. Betri zisizoisha. Dawa ya saratani, "ikiwezekana mwakani." Bwana mwenye tai alitikisa kichwa kukubali kila ahadi, na kadiri ahadi ilivyokuwa ya ajabu ndivyo alivyotikisa kwa nguvu.

Wa pili alikuwa mama mfanyabiashara wa soksi, aliyeletwa na huyo bwana kwa kuwa wameoleana. Alikuwa amekaa tu anajipepea.

"Hizo fedha ndogo ndogo," akauliza, "zinaua na harufu?"

"Zinaua vijidudu vinavyoleta harufu," mkemia akajibu.

"Basi hiyo saratani waachieni wenyewe. Fedha ndogo nipeni mimi, nizitie kwenye soksi, tupate fedha kubwa."

Hata mkemia alicheka. Ndilo swali pekee la maana lililowahi kuulizwa chumbani humo.

Bwana mwenye tai aliaga kwa shangwe, hakuonekana tena. Mama wa soksi alibaki. Mkemia alichovya soksi, akazikausha, akazifua, akazipima. Baada ya kufuliwa mara chache, chembe nyingi zilikuwa zimekwenda na maji ya sabuni. Iliyobaki ilikuwa soksi kama soksi nyingine, ila ghali. Akamwita shemeji na mama wa soksi, akawaeleza, akashauri paketi iseme ukweli huo.

Shemeji uso ulimng'aa. "Si ndiyo biashara yenyewe? Zikiisha nguvu, ananunua nyingine!"

"Na akilalamika?"

"Alalamike wapi?" mama wa soksi akasema. "Nani atasimama kaunta, watu wamepanga foleni nyuma yake, aseme miguu yangu bado inanuka?"

Mkemia alifungua mdomo, "Ehee" isitoke. Alijidharau pia siku hiyo, kwa sababu muda wote huo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kama anataka kichujio chake. Alivua koti, akaliacha kwenye kiti, akashuka ngazi.

Mama mkwe alimwita siku ya pili. "Umemsusa mdogo wa mumeo wakati mambo yanaanza kumnyookea. Ni wivu tu huo." Mumewe, aliyekuwa kiti cha pembeni, aligundua ghafla kwamba simu yake ina mengi ya kusomwa.

"Mama, soksi zinachuja," mkemia akasema.

"Kipi kisichochuja?"

Soksi zilinunuliwa kama maji ya baridi wakati wa joto. Shemeji alianza kualikwa kwenye mikutano kuzungumzia sayansi na vijana, na mwenyewe akaanza kuamini kwamba ndiye aliyekoroga.

Mkemia akapata kazi kiwanda cha sabuni. Pale hapana mgeni wa kuonyeshwa chupa. Sabuni ikitoa povu inapita, isipotoa inarudi kwenye pipa, na mnunuzi anajua anachonunua. Mshahara ni wa kawaida. Anaupenda.

Juzi shemeji alimpigia akiwa kazini. "Shemeji, nano imepitwa! Sasa hivi dunia yote iko kwenye haidrojeni. Nakuhitaji."

Mkemia aliiweka simu mezani, sauti ikiwa juu, ili wenzake wa zamu wapate cha kuchekea wakati wa mapumziko. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye soko la dunia wakati yeye anatoka kwenda kunawa mikono.