Samaki Mwekundu wa Asha

Leo binti yangu ameona samaki wake akiliwa, na kamera niliishika mimi.

Mnajua nabeba mizigo hapa Tabora, familia iko Newala. Nilinunua samaki wawili wa mapambo, mwekundu na mweusi, nikawaweka kwenye tangi la kioo chumbani. Mwekundu nikamwambia binti yangu Asha ni wake, awe anamwona kwa simu ya video.

Zamani akiitwa aongee nami alikimbilia kucheza. Baada ya samaki, akawa ananipigia mwenyewe kila jioni.

Muuzaji aliapa wataelewana. Hakusema mweusi akikua anakula wenzake.

Leo nimetoka kazini mgongo hauna hali. Simu ya video ikaita, nikaielekeza kwenye tangi bila kuangalia kwanza.

Mkia mwekundu ulikuwa unaning'inia mdomoni mwa mweusi.

Asha hakulia. "Baba, ulikuwa wapi?"

"Kazini, mama."

"Wewe kila siku uko kazini." Akakata.

Mama mwenye nyumba akacheka mlangoni: "Baba Asha, mkaange huyo mweusi ulie ugali!"

Nimepiga tena, kapokea mama yake. Asha hataki simu. Nikasema, mwambie samaki simwonyeshi, aje anione mimi tu.

Nimemsikia akijibu kwa mbali: "Sitaki."

Wenye watoto mbali, ninyi mnafanyaje?