Orodha Zilizopotea Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya mashini ya kuandika ya chuma, nikaambiwa niweke karatasi mbili na kaboni katikati, niandike barua moja bila kosa. Niliiandika mara tano. Bwana Direkta wa wakati ule, mzee mnene asiyevua koti hata jua likiwaka vipi, aliinua ile ya tano kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta alama za kufuta, akazikosa.

"Bon," akasema. "Kesho urudi mapema. Na ujue, Mama Feza, hapa kosa la herufi moja ni mutoto wa mutu."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza amesema nini. Nilielewa baada ya miezi. Ofisi yetu, pale Kasongo, ilitunza karatasi za shule kadhaa. Jina likikosewa au likirukwa kwenye orodha ya watahiniwa, mtoto anafika siku ya mtihani na kalamu yake mkononi, halafu anarudishwa. Basi nilijifunza kuandika jina huku nikilitamka kwa sauti ndogo, na baadaye kulisoma kinyumenyume, kutoka herufi ya mwisho kwenda ya kwanza, kwa maana jicho likizoea jina huwa linaona kile linachotegemea kuona. Miaka mingi nilifanya kazi hiyo, na madirekta wakabadilika, na mimi nikabaki.

Kisha zikaja kompyuta, ordinateri kama tunavyoziita. Direkta aliyezileta alikuwa mwembamba, mtu wa haraka, anayeongea akiwa ameshaanza kuondoka. Alituambia kwamba mfumo wa uendeshaji uliomo ndani, yaani ile programu kubwa inayoiamsha mashini na kuzibeba programu nyingine zote, haukununuliwa. Ulikuwa mfumo huria. Umetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakijitolea, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma, kuunakili na kuurekebisha.

"Kama iko na kasoro, tutamuita nani?" aliuliza Papa Assani.

"Haiko na kasoro," akajibu Direkta, akatoka.

Papa Assani alikuwa mtunza kumbukumbu wetu, mtu wa Nyangwe, mpole, aliyejua kila faili iko kabati gani bila kutazama. Simu yake ndiyo pekee ofisini iliyokamata mtandao. Kila Alhamisi aliiunganisha na kompyuta yangu kwa waya, tukatuma orodha za wiki ile, akachomoa, akarudi kwenye makabati yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote kwenye ile kompyuta.

Msimu mmoja wa mvua, orodha zikaanza kupotea. Sisemi kuharibika, zilipotea. Asubuhi naandika orodha ya shule fulani, nabonyeza pa kuhifadhi, mashini inaniambia imehifadhi. Papa Assani anakuja, anaunganisha simu. Kufumba na kufumbua naitafuta orodha, haipo. Nikaandika upya. Alhamisi iliyofuata hakikupotea kitu. Ile nyingine, zikapotea mbili. Nilidhani ni macho yangu. Nilidhani ni vidole vyangu, vilivyozoea chuma, sasa vinagusa kitu nisichokijua. Nilizima na kuwasha mpaka nikachoka.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Niliandika upya kwa kumbukumbu na kwa makaratasi niliyookota, na majina manane yakarukwa. Wanane hao walirudishwa mlangoni. Iliwabidi wasubiri mwaka mzima. Mmoja alikuwa binti wa jirani yangu, na mamake aliacha kunisalimu njiani.

Direkta alituita sote wawili, mimi na Papa Assani. Alibaki amesimama.

"Mama Sekretere, liste zinapoteaga siku gani?"

"Alhamisi, Bwana Direkta."

"Siku zote Alhamisi?"

"Siku zote."

"Na Alhamisi, nani anagusaga ordinateri pamoja na weye?"

Nilitazama kalamu ya Direkta. Papa Assani alikuwa karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zake. Ilijulikana kwamba alikuwa amegombana na mkuu wa shule mojawapo ambazo orodha zao zilipotea, kwa mambo ya kiwanja.

"Mama, miye nauliza tu kile uliona."

"Papa Assani," nikasema. "Kila mara zilipopotea, alikuwa pale."

Hilo lilikuwa kweli. Papa Assani alinigeukia, akasema taratibu, "Miye naunganishaga simu tu, Mama Feza. Unajua." Nikamwambia Direkta kwamba ndiyo, anaunganisha simu tu, lakini alikuwa ameshaanza kuandika. Wiki hiyohiyo Papa Assani alikabidhi funguo za makabati. Tukasikia amehamia Lusangi, kwa shemeji zake, analima na kuuza samaki wa chumvi kwa wachimba dhahabu. Na orodha hazikupotea tena. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Nilijiambia, basi alikuwa ni yeye. Nilijiambia hivyo mara nyingi, jambo ambalo lingenitosha kujua kwamba sikuamini.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kabambare kufungua tawi dogo. Chef wangu mpya, yaani mkuu wangu, alikuwa mzee wa kabila la Kibangubangu aliyeogopa kompyuta waziwazi. Aliifunika kwa kitenge kila jioni. "Hii ni yako," aliniambia. "Miye nitatia sahihi." Chumba kilikuwa cha kwangu peke yangu, na ufunguo ulikuwa mmoja, shingoni mwangu.

Jumanne moja ya mvua niliandika orodha, nikahifadhi, nikaunganisha simu yangu mwenyewe. Orodha ikapotea.

Nilibaki nimekaa. Hapakuwa na Papa Assani. Hapakuwa na mtu yeyote zaidi yangu. Nilitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Nilienda kwa Mama Sista mmoja aliyefundisha hesabu hapo mjini na aliyetumia mfumo uleule. Nilimweleza, hata la Papa Assani nilimweleza. Hakuwa na jibu, ila aliniambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: kwamba wale watengenezaji wana mahali pa kupokea malalamiko, na kwamba yeyote anaweza kuwaandikia.

"Hata miye?"

"Hata weye. Andika."

Niliandika kwa Kifaransa, naye akanisaidia kuiweka kwa Kiingereza. Ripoti yangu ya kwanza ilisema: mafaili yanapotea, watu wanaumia, tafadhali saidieni. Mtu akajibu baada ya siku chache. Sikujua ni mwanamume au mwanamke, wala yuko nchi gani. Alikuwa na jina la kujitungia tu. Aliuliza: toleo gani la mfumo? Ulifanya nini, hatua kwa hatua? Ulitegemea kuona nini? Uliona nini badala yake?

Nyinyi vijana mnaoanza kutuma ripoti kama hizi, hayo ndiyo mambo manne ya ripoti ya kasoro, na ni magumu kuliko yanavyoonekana. Toleo ni namba ya mfumo. Nilikuwa sijui hata inasomwa wapi. Hatua nilizoandika zilikuwa tatu, wakati kwa kweli nilikuwa nafanya kumi na moja, nyingine bila kujua. Nikatuma upya. Jibu likaja: nimejaribu, kosa halijirudii kwangu. Halafu ripoti ikafungwa. Kufungwa kwa ripoti maana yake wameiweka kando. Nilikasirika, halafu nikaogopa. Kama kwake halitokei, basi linatokea kwangu tu. Na kama linatokea kwangu tu, pengine ni mimi.

Nilinunua daftari. Kila siku niliandika saa niliyowasha, hali ya hewa, umeme wa jua ulikuwa na nguvu kiasi gani, nilifungua nini, nilihifadhi nini. Chef alichungulia akacheka. "Mama Feza, uko naandikia mashini historia yake?" Kwa wiki sita sikuona mpangilio wowote. Zilipotea Jumatatu, zikapotea Ijumaa, zikakaa wiki nzima salama. Halafu nikaona neno moja linarudi ukurasani: mvua. Niliwaandikia kwamba mfumo wao unafuta mafaili mvua ikinyesha. Namshukuru yule mtu kwamba hakucheka, au kama alicheka, hakuandika. Alifungua tena ripoti, akauliza swali moja: kabla faili haijapotea, imeandikwa tarehe gani?

Sikuwahi kutazama. Siku ya mvua iliyofuata nilitazama. Faili niliyoiandika nusu saa iliyopita ilikuwa na tarehe ya miaka ambayo mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Nitaeleza nilivyoelewa, na wenye kuelewa zaidi wanisamehe. Ndani ya kompyuta mna pili, yaani betri, ndogo ya mviringo kama kifungo cha koti, inayolinda saa wakati umeme haupo. Pili ya mashini ya Kabambare ilikuwa imekufa, na mashini ya Kasongo, ambayo ilinunuliwa pamoja nayo, nayo hivyohivyo. Umeme wetu kote kuwili ulikuwa wa jua: likikosekana, umeme unakatika kabisa, mashini inasahau tarehe, na ikiamka inaanza kuhesabu kutoka miaka ya zamani. Sasa fomu tupu za kuandikia orodha zilitufikia zimebanwa kwenye faili moja, na tukizifungua kwa kubonyeza tu, mfumo ulizifungulia kwenye folda ya muda bila kutuambia. Tukahifadhi humohumo. Folda hiyo ina mfagizi wake, programu ndogo inayofuta kila kilichozidi siku thelathini. Ukiunganisha mtandao, mashini inapata tarehe ya leo kwa ghafla. Mfagizi anaamka, anakuta orodha yako ina umri wa miaka mingi. Anafagia.

Bila mvua, hapotezi kitu. Bila mtandao, hapotezi kitu. Na mtandao wa Kasongo ulikuwa simu ya Papa Assani.

Watengenezaji walirekebisha mfagizi, asifute kitu pale saa inaporuka. Toleo jipya lilipofika, nilichomoa umeme makusudi, nikawasha, nikaandika orodha ya majina ya kubuni, nikaunganisha simu. Orodha ikabaki. Nilirudia mara tisa. Ikabaki. Mama Sista alinionyesha kwamba wameandika jina langu kati ya waliotoa ripoti. Nililitazama, nikatafuta furaha, nikakuta namfikiria Papa Assani.

Nilirudi Kasongo na barua kwa Direkta, nimeiandika kama ripoti: hatua, kilichotegemewa, kilichotokea. Aliisoma akiwa amesimama.

"Unataka miye niandike kwamba saa ndiyo ilifuta liste?"

"Ndiyo, Bwana Direkta."

"Mama, hakuna mutu ataelewa hii." Akairudisha. "Na Assani alishaenda. Nafasi iko na mutu mwingine."

Basi nikapanda pikipiki mpaka Lusangi. Papa Assani nilimkuta kwenye shamba la muhogo nyuma ya nyumba, amekonda, ndevu nyeupe. Aliniletea kiti, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nilimweleza yote, pamoja na pili na mfagizi. Alisikiliza kwa utulivu uleule wa makabati.

"Kwa hiyo," akasema mwishoni, "miye niliunganisha simu, na liste zikafutika."

"Ndiyo."

"Basi ni miye."

"Hapana, Papa Assani. Siyo weye."

"Kama singeunganisha?"

"Zingebaki."

"Sasa?" Alinitazama, nami nikaitoa ile barua aliyoirudisha Direkta. Aliiangalia bila kuigusa, kisha akasema, "Na weye haukudanganya. Nilikuwa pale kweli. Nilikuwa nakukasirikia miaka hii yote kwa uongo, na haukusema uongo."

"Nilisema kile niliona."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo ilinichanganya."

Akamwita mkewe, Mama Zaina, na shemeji zake wawili waliokuwa wakimenya muhogo. Aliniomba niwasomee ile barua. Niliisoma kwa Kiswahili, hatua ya kwanza mpaka ya kumi na moja: kuwasha, kufungua, kuhifadhi, kuunganisha. Niliona nyuso zao zikipotea njia mapema, kama wa kwangu ulivyopotea. Nilipomaliza, niliikunja barua. Mama Zaina alifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama, miye sijasoma," akasema. "Niambie tu. Alifuta majina ya watoto wa watu, ao hakufuta?"

"Hakufuta."

Akawageukia nduguze. "Mumesikia," akasema, akaenda jikoni. Papa Assani aliinamisha kichwa akawa anachezea udongo kwa kidole, na shemeji mkubwa akamsogezea sahani ya muhogo karibu.

Hakurudi ofisini, hakuna aliyemwita. Wale wanafunzi wanane, saba walifanya mtihani mwaka uliofuata. Wa nane, binti wa jirani yangu, alikuwa ameshaolewa. Nilikwenda kwa mamake pia. Alinipa maji ya kunywa, lakini hakutaka nimsomee barua.

Mimi nimestaafu sasa. Nina kompyuta yangu ndogo, na bado natuma ripoti: herufi zinazopandana wakati wa kuchapa, dirisha linalogoma kufungwa. Nyingine hufungwa bila jibu, na mara nyingi bado sielewi kwa nini. Watu huniuliza kama mimi ni fundi, nawaambia mimi ni daktilo, mpiga chapa tu. Wanaotaka kujifunza nawaonyesha lile daftari la Kabambare, wanashangaa kuona nimeandika habari za mawingu.

Yule mtu wa jina la kujitungia alinifundisha kuandika nilichokiona. La pili nililiongeza mwenyewe, na kwenye kila ripoti naliweka mwishoni hata kama hawajaniuliza: mambo ambayo sikuyaona. Siku ile mbele ya Direkta, nilipoulizwa nimeona nini, ningeweza kusema kwamba sikuuona mkono wa Papa Assani ukigusa orodha hata mara moja. Lilikuwa neno fupi, na nilikuwa nalijua.