Shimo Jeusi la Ndiva na Kiatu cha Kipaimara

Enzi zetu sisi tuliokulia kule milimani Mamba, shimo jeusi halikuwa angani. Lilikuwa chini ya ndiva, lile bwawa letu la udongo lililokusanya maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi likafunguliwa yateremke kwenye mashamba ya tangawizi.

Mwenye zamu aking'oa kizibo cha mgomba, sisi watoto tulishajipanga ukingoni, mashavu yamejaa makande ya jana. Maji yalianza kuzunguka taratibu, majani na maganda ya ndizi yakayafuata, kisha mbio, mbio zaidi, halafu fyuu! Ndani. Mlio wake, haki ya nani, ulifika mpaka Ziwa Jipe na samaki wakakimbilia Kenya.

Sasa Jumamosi moja, kesho yake napata kipaimara, nikaenda ndiva na viatu vipya. Baba alivinunua Same mjini, vyeusi, vinang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama humo. Nilitaka tu rafiki yangu Mbonea avione.

"Hivyo si vya dada yako?" akasema.

Nikanyoosha mguu juu ya maji aone vizuri. Baba alikuwa amenunua vya kukulia. Kiatu kikachomoka, kikazunguka kwa heshima zote, kikamezwa.

Nililia kama mbuzi. Tulifuata mfereji shamba kwa shamba tukipekua matope, wapi! Mama akanipokea na kauli yake ya siku zote: "Wewe dawa yako ni kuvalishwa gunia!" Gunia hakunivalisha, ila Jumapili nilikwenda madhabahuni na gambuti za baba, kwapu, kwapu, kwapu. Mchungaji aliuma mdomo. Mbonea alishindwa kuimba.

Juzi binti yangu Naetwe, ambaye jembe hulijua kwa picha, kanijia na simu.

"Baba, ona! Shimo jeusi liliirarua nyota, likaila. Wataalamu wakajua yameisha. Miaka ikapita, likaanza kutema mabaki!"

"Yaliyokwisha kumezwa?"

"Hapana baba, hayo hayarudi. Yale yaliyokuwa bado yanazunguka mdomoni. Ila hawajui kwa nini lilichelewa."

Mimi, msomi wa fizikia ya masomo ya jioni, nikacheka mpaka chai ikanitoka puani. Waje Mamba!

Lakini wakija watakuta nini? Ndiva siku hizi ni saruji na geti la chuma, haimezi hata jani. Kina Naetwe wanayo mashimo ya galaksi za mbali kiganjani, wanayakuza kwa vidole viwili, wanahamia video nyingine. Hakuna aliyelisikia shimo likinyonya, akitetemeka ukingoni na rafiki yake.

Na kiatu? Jumatatu kilitokea chenyewe kwenye tangawizi za kina Mbonea, kimeshiba matope. Nikakivaa hapohapo. Kilikuwa bado kikubwa. Na sayansi yote hii haijanijibu kwa nini hakikutemwa Jumamosi ileile.